Mstari Mmoja kwa Kifungo

6 Machi

Kwa wazazi wa kijana wetu,

Mimi ni mchonga mawe. Hamnijui nami siwajui, ila jina la mwanenu ninalo hapa mezani, na anwani yenu nimepewa na ofisi ya jeshi. Nimepewa kazi ya kuchonga mawe ya vijana wa kikosi chake, yatakayosimama katika uwanja wa makaburi huku upande wa mto. Kila jiwe lina jina, na chini ya jina kuna mstari ambao familia inauchagua yenyewe. Ni mstari mmoja tu, maana jiwe si gazeti.

Kwa vijana waliozikwa, kazi ni nyepesi. Mwanenu yumo katika wale waliopotea, na jiwe la aliyepotea haliwekwi mpaka baba au mama aandike kwa mkono wake kwamba amekubali. Kwa hiyo naomba ruhusa, na naomba mstari.

Kuna la tatu, na kalamu inakuwa nzito. Dereva wa kikosi hicho hunipitia karakana, anakaa juu ya jiwe ambalo sijaligusa, ananisimulia habari za kila mmoja ili nisichonge watu nisiowajua. Nilipomsomea jina la mwanenu alicheka akasema, "Aa, Kifungo huyo!" Hapohapo akaitwa nje, gari lake lilikuwa limeziba njia. Nimebaki na neno hilo. Kanuni zinasema askari aliyekuwa akitumikia kifungo jiwe lake halipewi mstari. Mimi si hakimu. Lakini naomba kujua alifungwa kwa kosa gani, na kama alikuwa amemaliza.

Niwieni radhi kwa swali hili.

Mchonga mawe


15 Machi

Mzee wetu mchonga mawe,

Shikamoo. Anayekuandikia ni dada mkubwa wa huyo mfungwa wako. Barua yako imenifanya nikasirike, kisha nikacheka, kisha nikakasirika tena kwa sababu nilikuwa nimecheka. Sasa nimetulia, kaa nawe utulie, nikueleze kosa la mdogo wangu.

Nyumba yetu ni ya mafundi wa nguo. Baba anakata, Mama anashona, mimi napindia na kupiga pasi, na wateja wanasimama katikati ya chumba kama miti wakipimwa. Mdogo wangu alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi, Mama alikuwa anamalizia koti la bwana harusi mmoja, mtu mwenye kujisikia. Vifungo vilikuwa vya pembe, vya kuagiza, hakuna cha ziada. Mama akageuka kuchukua uzi. Aliporudi kifungo kimoja hakipo, na mtoto amekaa chini ya meza, ametulia kuliko kawaida yake. Katika nyumba hii, mtoto akitulia ujue kuna jambo.

Baba alisema, "Msipige kelele, kilichoingia kitatoka." Kikatoka, baada ya kutusubirisha. Mama alikichemsha, akakisugua, akakichemsha tena, akakishona mahali pake. Yule bwana alioa nalo lile koti. Siku hizi ni mtu mkubwa, anahutubia watu, na hadi leo hajui kifungo chake cha juu kilisafiri njia gani.

Tangu siku hiyo mdogo wangu akaitwa Kifungo. Kwa hiyo, mzee wangu, hakuwahi kufungwa. Alikimeza tu.

Ruhusa na mstari tutakutumia. Mama bado anafikiria.

Dada mkubwa, mpiga pasi


24 Machi

Binti yangu mpiga pasi,

Marahaba. Nimechonga mawe tangu ujana wangu, nimekosea herufi, nimekosea tarehe, lakini sijawahi kumwomba radhi kifungo. Leo naomba. Nilisoma barua yako nikiwa na tindo mkononi, ikabidi niiweke chini, maana kicheko na tindo havikai pamoja. Jirani yangu seremala alikuja kuuliza kama nimepata wageni.

Niandikie zaidi habari zake kama una nafasi. Mimi huchonga vizuri zaidi ninapomjua mtu. Herufi ni zilezile, lakini mkono unajua.

Ila usisahau ruhusa. Mwisho wa Mei jeshi linakuja kusimamisha mawe na kuufunga uwanja. Nafasi itakayokuwa wazi siku hiyo itabaki wazi, hawatarudi tena kwa ajili ya mtu mmoja. Ninaona uchungu nikifikiria ni ya mwanenu.

Mchonga mawe


2 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimechoka kuficha. Niliposema Mama anafikiria, nilikudanganya. Mama alikataa siku ileile. Alisema, "Jiwe ni la mtu aliyelala. Mwanangu hajalala, amepotea." Akaendelea kushona.

Neno hilo "amepotea" ndilo linalotusumbua. Mdogo wangu hakuwa mwandishi wa barua. Kila alipokuja likizo, Mama alimpokea mlangoni kwa "Umepotea wewe!" naye anajibu, "Nimeonekana sasa, kuna chakula?" Basi siku ilipokuja taarifa ya jeshi, Baba aliisoma kwa sauti kama anavyosoma kila kitu: "Kijana wenu amepotea." Baba akacheka! Akasema, "Mnaona, hata jeshi linalalamika haandiki." Alikuwa amesharudi kwenye mkasi wake ndipo akasimama katikati ya kitambaa. Lile vazi halikukatwa tena, lipo mpaka leo na chaki yake.

Sasa sikiliza balaa jipya. Barua yako ya kwanza ilifika nikiwa nimepeleka nguo za mteja, na Baba akaisoma kwa sauti. Mama akasikia "kifungo". Utasema, lakini si anajua ni jina la utani? Anajua, na hapo ndipo penye shida. Mdogo wangu alilichukia jina hilo. Alipoanza kuota ndevu alitukataza tusimwite hivyo mbele ya wageni, sembuse mbele ya wasichana. Mama anasema, "Jina hilo hawezi kumwambia askari hata mmoja, afadhali afe. Kwa hiyo huyo dereva hakutaja jina. Alitaja kifungo chenyewe. Mwanangu ametekwa, yuko gerezani kwa watu, atamaliza siku zake arudi."

Nilipomsomea barua yako ya pili, ile ya kumwomba radhi kifungo, hakusikia. Ameanza kushona suruali, kiuno chembamba, kwa sababu mtu hutoka gerezani amekonda. Anaimba akishona, mzee wangu. Sijamsikia akiimba tangu taarifa ile, na kila akiimba mimi natoka nje.

Na kusema kweli nami nimeanza kupiga hesabu kama yeye. Alikuwa mjanja, ana mbio, tulimwita kwenye cherehani tukamkuta uwanjani anacheza mpira. Kila zamu yake ya kupindia ikifika kichwa kinamuuma, kikombe cha maji hakisaidii, ila filimbi ya refa inasaidia. Tulijua alikwenda jeshini kuikimbia sindano. Alivaa koti la Baba siku ya kuandikishwa ili mabega yaonekane mapana, Baba akamwacha, ila alimwambia, "Rudi nalo bila mkunjo." Mtu aliyekimbia cherehani namna ile, kwa nini asikimbie kifo?

Nakuomba, muulize dereva. Alitekwa au hakutekwa? Mama asijue nimekuuliza.

Dada mkubwa


13 Aprili

Binti yangu,

Barua imefika. Dereva yuko safarini. Mvua ni nyingi huku na jiwe likilowa halikubali tindo, kwa hiyo kazi imelala kidogo. Msalimie baba yako. Nimelipenda lile neno lake la mkunjo.

Mchonga mawe


20 Aprili

Mzee wangu,

Barua yako fupi imenitisha kuliko ile ndefu. Mtu aliyenieleza habari za seremala jirani leo ananieleza mvua?

Kama unajua kitu, niambie. Mimi ndiye niliyebeba kichwa cha mdogo wangu mgongoni tangu hajui kukiinua, siwezi kushindwa kubeba habari yake. Mama amemaliza suruali ya kwanza na ameanza ya pili. Amemwambia jirani kwamba mwanawe yuko njiani. Kila siku unayokaa kimya, mzee wangu, Mama anashona zaidi, na mimi ndiye nitakayezifumua.

Dada mkubwa


29 Aprili

Binti yangu,

Umenikamata. Dereva hakuwa safarini. Alikuwa amekaa hapa hapa juu ya jiwe nilipokuwa nakuandikia mvua, naye alikuwa ameshaniambia yote. Sikuweza kuyaandika. Nimezoea kuandika habari hii kwa herufi chache juu ya jiwe, kwenye karatasi sikujua nianzie wapi.

Hakutekwa. Ng'ambo ya mto alikobaki hapakuwa na adui. Walikuwa wanavuka mto kurudi, mto umejaa, wamefunga kamba kutoka mti hadi mti. Mdogo wako alibaki nyuma akiishika kamba isilegee mpaka wenzake wote wavuke. Alipoingia yeye majini, gogo kubwa lilikuja na maji likaipiga kamba. Dereva alikuwa ameshavuka, aliona kwa macho yake. Walimtafuta kando ya mto kutwa na siku ya pili, hawakumpata. Jeshi haliandiki "amekufa" bila mwili, linaandika "amepotea". Kila aliyevuka siku hiyo anajua. Hakuna gereza, binti yangu. Pole sana. Wape pole Mama na Baba.

Na sasa lile jina. Nilimuuliza dereva, "Mlijuaje kwamba kwao anaitwa Kifungo?" Akashangaa. Hawakujua. Walimpa wao. Siku za mapumziko mdogo wako alikuwa anakaa kwenye ngazi ya lori, sindano ameichomeka kwenye kofia, na kikosi kizima wamepanga foleni na mashati yao. Nguo za jeshi vifungo vyake havikai, yeye alivishona upya, vya kila mtu, na hakuombwa. Ukimuuliza umejifunza wapi, anasema, "Mama yangu ndiye fundi, mimi ni mwanafunzi mtoro." Basi wakamwita Kifungo. Dereva anasema mara ya kwanza walipomwita hivyo aliruka, akauliza, "Nani kawaambia?" Hakuna aliyemwelewa. Akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo akaitika.

Nilipomsimulia dereva habari ya koti la bwana harusi, naye alicheka mpaka akatoa machozi, mwishowe machozi yakabaki peke yake. Kisha akavua shati alilovaa, akabaki na fulana. Anasema, "Mpelekee mama yake. Vifungo hivi ni kazi ya mwanawe, nimepigania navyo na nimeoa navyo, havijalegea." Shati limo katika kifurushi hiki. Ningelifua, lakini nimeogopa kuharibu kitu nisichokijua.

Mchonga mawe


9 Mei

Mzee wangu,

Shikamoo. Nilikaa na kifurushi chako siku nzima chini ya meza ya pasi. Jioni Mama alipoanza kupima kiuno cha suruali ya tatu, nikasema basi. Nikamwita Baba aache mkasi, nikawasomea barua yako tangu mwanzo mpaka mwisho. Sikuruka neno.

Mama hakulia. Alisema, "Dereva ni mtu, anaweza kuona vibaya." Akasema tena, "Na hiyo ya vifungo ni uongo mtupu. Mwanangu kushona? Kwa hiari yake? Wamemchanganya na mtoto wa watu." Ukaniumiza moyo huo uso wake, kwa sababu alifurahi alipopata kosa hilo.

Nikampa shati.

Alilichukua kama anavyochukua nguo ya mteja mkorofi. Akaliweka chini ya taa, akageuza kifungo kwa kidole. Nyumbani kwetu kifungo hakishonwi kikalala juu ya kitambaa. Unazungusha uzi chini yake mpaka kisimame chenyewe, kisha fundo unalificha ndani. Mama alifundishwa hivyo na mama yake, na alitufundisha hivyo sisi wawili, mmoja akisikiliza na mwingine akiangalia dirishani. Mama akageuza cha pili. Akageuza cha tatu. Akaligeuza shati ndani nje, akaliinua karibu na macho, akapiga ukelele uliomtoa jirani kwake:

"Amekata uzi kwa meno! Mara ngapi nimemwambia mkasi upo!"

Na kweli, mzee wangu. Ncha za uzi zilikuwa zimetafunwa, zote, kifungo baada ya kifungo. Ni yeye yule. Mama alimgombeza pale pale juu ya shati, kwamba meno yataharibika, kwamba fundi hatafuni kazi, kwamba hasikii, hasikii, hasikii. Alipofika "hasikii" ya mwisho sauti ilikatika na akalia, akalia kweli, na Baba akamshika bega, na mimi nikawashika wote wawili. Tulilia mpaka tukachoka.

Halafu Baba akasema, "Kumbe alikuwa anatusikiliza."

Mama akafuta uso kwa shati la dereva, akakumbuka ni la watu, akacheka. Tumekaa mpaka chai ikapoa tukisimuliana makosa yake. Sijui nikuelezeje, lakini tulifurahi. Nyumba imepata mtu wake. Asubuhi nilimkuta Baba amelitandika lile vazi aliloliacha siku ya taarifa, anafuata chaki yake ya zamani kwa mkasi.

Habari ya jiwe sijaiuliza. Mama ameniomba karatasi na kalamu na amenifukuza chumbani.

Dada mkubwa


11 Mei

Kaka mchonga mawe,

Hujambo? Binti yangu ana maneno mengi, mimi nina kazi nyingi, kwa hiyo nitasema mara moja.

Jiwe liwekwe. Mimi mama yake nimekubali, na huu ni mkono wangu. Baba yake pia amekubali, amesimama hapa nyuma yangu anasoma kwa sauti kabla sijaandika.

Usifikiri nilikuwa sielewi. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo nalijua tangu zamani. Nilichokataa ni uongo. Jiwe husema fulani amelala hapa. Mtu akipita anasoma, anamwombea, anakwenda zake, na chini hakuna mtu. Mwanangu hajalala hapo, wala mto sitaupa cheo cha kuwa nyumba yake. Alipokuwa mbali alikaa akishona kama tunavyoshona sisi, na mkono wake nimeuona juu ya shati, kwa hiyo najua alikuwa anakaa wapi muda wote huo. Nimeridhika. Nina huzuni na nimeridhika, vyote viwili vinakaa.

Mstari wake ni huu, na usiongeze nukta wala ua:

MSIMTAFUTE HAPA. YUKO KWAO.

Shati la dereva namrudishia, nimelifua kwa mkono. Kifungo cha juu nimekichukua, nimemshonea kingine. Asikiangalie kwa karibu, hakifanani. Na suruali mbili nilizoshona sizifumui, mpe avae kama kiuno kinamfaa. Mwambie kwamba mama yake Kifungo anamshukuru kwa macho yake yaliyoona, na kwamba aje ale.

Mama yake, fundi


30 Mei

Dada yangu fundi,

Nimelichonga. Sikuongeza nukta wala ua. Herufi zimesimama, mkono ulikuwa unajua.

Jana ofisa wa jeshi alikuja kukagua kabla ya uwanja kufungwa. Mawe mengine yanasema Shujaa, yanasema Pumzika, yanasema Hatutakusahau, na yote ni kweli kwa waliosema. Alipofika kwenye la kwenu akasoma, akarudia kusoma, akaniuliza, "Mzee, kama hayupo hapa, hili jiwe ni la nini?"

Nikamwambia, "La kuelekeza watu."

Alifikiri nimemtania, akaangalia uso wangu, akaandika kwamba limepita.

Leo wenzake walikuja, wale waliovuka. Walizunguka jiwe hadi jiwe na kofia mikononi. Kwenye la mwanenu walikaa sana, kisha mmoja akaja karakana akauliza, "Mzee, kwao ni wapi?" Nikamwambia ninavyojua. Akaja wa pili, naye akauliza vilevile. Nikaona nitachoka, nikawaita wote nikawachorea njia kwa chaki juu ya jiwe tupu: mnashukia kituo gani, mnapita mtaa upi, mkisikia cherehani msiulize mtu, ingieni.

Wamepanda basi muda si mrefu, dereva mbele, amevaa suruali yako na ni fupi kwake. Wote wamevaa mashati yale yale ya vifungo vyake. Ni wanane, na wana njaa. Namtuma mwenye pikipiki na barua hii alipite basi lao njiani. Ikifika, wekeni viti.

Kaka yako, mchonga mawe